Kerttu Paajanen, Aliyeingiza Giaboksi Saunani

Kerttu Paajanen, fundi wa boti yetu ya wauguzi, anastaafu tarehe 30 Aprili, mkesha wa Vappu, sikukuu yetu ya Mei Mosi, baada ya miaka thelathini na moja kazini. Yeye alitaka aondoke kimyakimya, bila keki wala hotuba. Mimi nahodha wake nimekataa. Mtu aliyetuvusha salama miaka yote hiyo haachwi aondoke kama mpita njia.

Alianza kwa kupaka grisi na kumwaga oili chafu, mwanamke pekee karakana nzima, na wenzake wakabishana atadumu wiki ngapi. Wabishi wote wamestaafu kabla yake. Kwa mikono yake Telma, boti yetu, imempeleka nesi visiwani kila kiangazi kufunga vidonda, kupima presha na kunywa kahawa nyumba hadi nyumba, maana kukataa kahawa kule ni matusi. Kerttu hana maneno mengi. Ukimuuliza injini inaendeleaje, anakujibu, "Inaendelea," na mazungumzo yamekwisha.

Ila tukisema ukweli, sisi tunamkumbuka zaidi kwa mwaka ule wa giaboksi.

Vuli ya mwaka huo, katika safari ya mwisho kabla ziwa halijaganda, Telma ilianza kulia kwa nyuma. Kerttu alipoifungua giaboksi, ule mguu unaokaa majini na kuzungusha propela, oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia, beringi zimelika. Gereji ya mjini ikasema foleni ni ndefu, tusubiri hadi Julai. Halmashauri nayo, ambayo haijawahi kukosa sababu ya kupunguza huduma, ikaamua: wakati wa baridi nesi atapita juu ya barafu kama kawaida, lakini barafu ikiondoka na boti haiko tayari, wagonjwa wa visiwani watahamishiwa nyumba ya wazee mjini.

Wagonjwa wenyewe walikuwa wachache, na aliyetuumiza roho ni mmoja: Bibi Lempi Tarvainen wa kisiwa cha Haukisaari, mwenye vidonda vya miguu, aliyekuwa akiishi peke yake katika nyumba ileile alimozaliwa. Alitupigia simu karakana. "Hapa nitatoka ndani ya jeneza, si kabla ya hapo," akasema. "Mwambieni huyo mkubwa wenu."

Kerttu aliing'oa giaboksi, akaifunga kwenye kibao cha kuburuta juu ya theluji, akaenda nayo nyumbani. Majira yote ya baridi ilikaa juu ya meza ya jikoni, na Onni, mumewe, akawa anakula mkate wake mweusi amesimama. "Nilidhani nimeoa fundi," alilalamika, "kumbe nimeoa na vyuma vyake."

Kubadilisha beringi si kazi. Kazi ni kupanga shimu, vile vibati vyembamba kama ganda la kitunguu vinavyokaa nyuma ya beringi ili meno ya gia yakutane sawasawa. Yakibanana yanaungua, yakiachana yanagongana mpaka yavunjike. Kila ukibadilisha kibati unaitoa beringi na kuirudisha, nayo haikubali kurudi mpaka ganda la giaboksi lipate moto na kutanuka. Kerttu hakuwa na tanuri la kuitosha. Alikuwa na sauna, chumba cha mbao cha kuogea mvuke, ambamo maji humwagwa juu ya mawe ya moto. Akawa anailaza giaboksi kwenye benchi la juu na kuwasha moto mkavu, bila kumwaga maji, huku beringi anazigandisha kwenye friza katikati ya samaki wa Onni. Chuma baridi kikaingia ndani ya chuma cha moto bila kuguswa na nyundo.

Jumamosi moja, barafu ya ufukweni imeshaanza kuwa nyeusi, dalili ya kuyeyuka, mambo yote yalikaa sawa. Beringi ya mwisho ilizama mahali pake. Kerttu akaketi apumzike kidogo. Sasa, ni Jumamosi, siku yetu ya kuoga sauna, moto umewaka, mtu yuko kwenye benchi. Mkono wake ukachukua kata, ukachota maji, ukamwagia mawe. Nani kati yetu asingefanya hivyo? Tunafanya hivyo tangu hatujajua kutembea. Mvuke ukajaa chumba, ukaingia kwenye beringi mpya na katikati ya shimu. Neno alilolitoa Kerttu halichapishiki katika jarida hili.

Hadi alipofaulu kuichomoa ile beringi, kesho yake, kutu ilikuwa imeshaiuma. Kutu kidogo tu. Onni akamshauri aifute aifunge, nani atajua.

"Itatufikisha katikati ya kiangazi," Kerttu akamjibu, "halafu itatuacha katikati ya ziwa na nesi ndani."

Kisha akampigia simu Bibi Lempi na kumweleza yote. Nilikuwepo.

Bibi Lempi akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hata mimi ningemwaga. Anza upya. Barafu ya huku bado natembea juu yake."

Nikaendesha gari hadi mjini kutafuta beringi nyingine. Onni akaificha kata juu ya banda la kuni. Kerttu akaanza upya, kibati kwa kibati, na barafu ilipoondoka Telma ikashushwa majini. Tulizima redio tukatega sikio kwa nyuma. Kimya. Asubuhi ileile nesi alikuwa jikoni kwa Bibi Lempi, na barua ya pongezi ya halmashauri Kerttu aliiwashia moto wa sauna.

Bibi Lempi aliishi nyumbani kwake viangazi vinne zaidi, akafia kitandani mwake. Ni Telma iliyolivusha jeneza lake. Njia nzima Kerttu alisimama nyuma, mkono juu ya kifuniko cha injini, machozi yanamtoka na hayafuti. Giaboksi haikutoa hata mlio. Baada ya mazishi jamaa zake waliniletea kata ya shaba ya saunani kwake. Marehemu aliagiza apewe Kerttu siku atakapoacha kazi, si kabla ya hapo. Tangu siku hiyo imekaa kabatini kwangu.

Leo tunakukabidhi kata hiyo, Kerttu. Ahsante kwa kila safari tuliyorudi salama. Jumamosi hii washa sauna, keti benchi la juu, umwage maji utakavyo. Humo ndani hamna chuma tena.