Sweta ya Baba

Ndani ya basi letu la Toledo, Ohio, alipanda bwana mmoja amevaa sweta mpya ya chuo, kifuani imeandikwa BABA. Kila aliyemtazama aliambiwa kwamba anakwenda kumdhamini bintiye mkopo wa masomo. Mimi niliambiwa mara mbili, na sikuwa nimeuliza.

"Wa serikali au wa kampuni?" akauliza bibi mmoja aliyekaa mbele yake, koti la kazi limefungwa hadi shingoni.

"Wa kampuni, mama. Wa serikali haukutosha. Mimi naweka sahihi tu, atalipa mwenyewe."

"Mjukuu wangu Desmond naye alisema hivyohivyo. Akafa kwa ajali, mwaka wa tatu wa chuo."

"Pole sana. Basi angalau deni nalo likaisha."

"La serikali lilifutwa. Hawa wa kampuni, kama wako, walinipigia simu, wakanipa pole vizuri kabisa, halafu wakauliza nitalipa kwa kadi ipi."

Bwana akavuta kamba ya kengele kuomba kushuka. "Binti yangu ni mzima wa afya, mama."

"Kwani Desmond alikuwa mgonjwa?"

Basi likasimama mbele ya ofisi ya mikopo. Bibi akafungua koti. Ndani alivaa sweta ya chuo kilekile, imepauka, imeandikwa BIBI.

"Nilivaa hii siku ya kusaini."

Mlango ukafunguka. Dereva akauliza mara mbili nani anashuka.