Unga wa Dorcas na Kopo la Kilo Moja

Kwenye benchi la Kirumba, lililoegemezwa kwenye jiwe kubwa hatua chache kutoka mwaloni, wanakoshushia dagaa, kahawa ya asubuhi ile ilinywewa kwa hasira. Mwenye hasira alikuwa mzee Masalu, ambaye kijiwe kilimwita Mizani kwa kuwa alipima pamba ya watu kwenye ginari, kiwanda cha kuchambulia pamba, kwa miaka ishirini na saba. Binti yake Dorcas alikuwa anatafuta kazi ya kuoka katika hoteli mpya ya mjini. Walimpa karatasi: unga nusu kilo, sukari robo, siagi robo, mayai sita. Juzi alioka, keki ikabonyea katikati kama godoro la gesti. Wakampa nafasi moja tu ya mwisho, apeleke nyingine leo jioni.

— Unga nilimpimia mwenyewe, alisema Mizani. Kopo la mafuta ya kupikia, kilo moja, imeandikwa ubavuni. Nusu kopo, nusu kilo. Binti akataka kwenda kuazima mizani dukani. Nikamwambia, mizani ya nini na mimi nipo?

— Basi hapo kuna mkono wa mtu, alisema Shimba, mchuuzi wa dagaa.

Mizani alikubali upesi. Alisema hoteli ina mtu wake tayari, wanamzungusha mtoto wa maskini bure. Lakini Byabato, mwalimu mstaafu aliyeitwa Profesa, alilaumu unga. Kwa maelezo yake, tangu mambo yawe ruksa kila mwenye senti ana mashine, zinasaga mbio na kuingiza upepo.

— Haraka haraka haina baraka, alisema. Unga wa shirika la umma ulisagwa polepole, ukawa mzito.

— Profesa, unga hauna kosa. Kilo ndiyo imepunguzwa, Shimba alimkatiza. Mkate umepungua, sabuni imepungua, kilo ibaki kwa nini? Na wahenga walituonya. Walisema haba na haba hujaza kibaba. Walisema hujaza kilo?

Hilo hakuna aliyelipinga. Mizani alizidi kupandwa na mori. Alisema juzi alimfokea Dorcas hadi akalia, akamwambia mkono wake hauna baraka ya jiko. Leo alfajiri amempimia tena kwa kopo lile lile. Wakimkataa, atakwenda hotelini mwenyewe wamtambue.

Pembeni alikuwa amekaa mama mmoja, Wilhelmina, aliyevuka ziwa kutoka Sengerema na alikuwa anangoja mzigo wake. Muuza kahawa alimpa kashata kutoka kwenye kopo la aina hiyo hiyo. Mama yule akaligeuza kopo, akasoma.

— Shikamoo baba. Hapa wameandika kilo moja ya mafuta. Ya unga wameandika wapi?

Shimba alitazama ndani ya kikombe chake. Mizani alilipokea kopo, akasoma mwenyewe. Nani kama yeye alijua kwamba gunia la pamba na gunia la mtama hayalingani uzito, hata yawe yameshonwa na fundi mmoja? Nusu kopo la unga halikuwa limefika nusu kilo.

Aliinuka bila kuaga, akaupanda mlima wa kwenda nyumbani kwa mwendo ambao magoti yake yalikuwa yameshausahau. Alitaka amkute Dorcas kabla hajavunja mayai, amwambie kwamba keki ya juzi aliiharibu baba yake.