Figo Lililokaa Miaka Minane

Marehemu Anastasie Mwayuma alizaliwa Wamaza tarehe 9 Machi 1981, kitinda mimba wa mzee Evariste na mama Véronique. Shule ya msingi aliisoma hukohuko. Diploma ya ualimu aliipata Kasongo mwaka 2001.

Alifundisha darasa la kwanza Kabambare miaka kumi na nne. Waliopita mikononi mwake wanakumbuka: chaki aliitumia mpaka ikapotea kati ya vidole.

Tarehe 12 Juni 2004 aliolewa na Célestin, aliyemchukua kwa pikipiki iliyozimika mara tatu kabla ya kanisa. Bibi harusi aliisukuma mwenyewe. Tulicheka mwaka mzima, jamani.

Mwaka 2015 mafigo yake yote mawili yalikufa. Septemba 2016, nchini India, alipewa moja la dada yake mkubwa, yaani mimi Apolline ninayewasomea. Siku ya upasuaji, na tena siku ya nne, alidungwa kingamwili iliyotengenezwa maabara, inayozishika seli T, askari wa mwili, zisilishambulie figo geni. Kisha vidonge, kila siku. Tuliporudi, Mama aliuliza: “Sasa askari yako iko inalala? Na adui akikuya?”

Anastasie akacheka: “Hapana, mama. Ni kama mugeni akifika kwetu: tunafunga imbwa kwanza.”

Lakini mbwa wakifungwa, hata mwizi, yaani ugonjwa, huingia. Ndiyo maana kwenye matanga alisalimia kwa mbali, akala kwa sahani aliyotoka nayo nyumbani. Wengi walisema anaringa. Iliniuma sana. Yeye alinitania tu mimi dada yake: “Yaya, ukinikasirisha nitakurudishia figo yako!”

Mama alipofariki, Novemba 2024, Anastasie alikaa mlangoni akashika kila mkono uliokuja kutoa pole. Nilimkataza. Akanijibu: “Leo siwezi kusalimia watu kwa mbali, yaya. Huyu iko mama yangu.” Wiki iliyofuata alishikwa na homa ya mapafu. Alifariki Kasongo tarehe 3 Desemba asubuhi. Daktari alituambia figo lilikuwa bado linafanya kazi.

Ameacha mume wake Célestin, watoto wawili, Victoire na Chadrack, baba yetu, na mimi. Aliomba kwenye matanga yake tusalimiane kwa mkono, kila mtu.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Nenda nalo. Nilikupa, sikukuazima.