Askari Aliyelala Ndani ya Kompyuta ya Belinda

Benchi letu limeegemea ukuta wa steshenari ya Belinda, duka lake la kuchapisha na kutoa nakala hapa Mtinko, upande ambao upepo hauufikii vizuri. Amne huteremsha birika lake la kahawa mbele yetu jua likiwa bado na aibu, na kikombe cha kwanza hakijapoa huwa tumeshaitengeneza nchi. Asubuhi ile nchi ilibidi isubiri. Kompyuta ya Belinda, inayosajili wakulima wa alizeti wa kata nzima kwa niaba ya Umoja wao, ilikuwa imekataa kuhamia Windows Kumi na Moja. Ile ya Kumi walioitengeneza walishaiacha mkono, na Umoja ulikuwa umetangaza kwamba kituo chenye mfumo uliopitwa na wakati kitafungwa na usajili utahamia Singida mjini. Afisa wa TEHAMA alikuwa njiani kuja kukagua. Belinda asipofaulu, yeye anapoteza kazi, na sisi kila tukitaka kuandikisha gunia la alizeti tutapanda gari.

Belinda alitoka mlangoni akatueleza ilipofikia. Mashine ilikuwa imeandika kwamba haina TPM. Tulipomtazama kama ng'ombe wanavyotazama treni, akafafanua kuwa hicho ni kijipande cha ulinzi kinachokaa ndani ya kompyuta, kazi yake kutunza funguo za siri mahali ambapo mwizi hawezi kuzichomoa hata akibeba mashine nzima begani. Mfumo mpya hauingii kwenye nyumba isiyo na kijipande hicho.

Wa kwanza kuelewa, kama kawaida yake, alikuwa Mzee Antipasi, ambaye kijiweni tunamwita Waraka. Alistaafu ukarani wa kata miaka mingi iliyopita lakini bado anaongea kama mtu mwenye muhuri mfukoni.

— Huyo ni askari, akasema. Na askari hapelekwi kituo bila barua ya kupangiwa. Wewe, mwanangu, umeomba askari kwa utaratibu gani?

— Sijaomba, Mzee Antipasi. Mashine ndiyo imesema haina.

— Unaona? Hukuomba. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni hajaitwa, mwenyeji ataponaje?

Akaanza kututungia barua kwa mdomo, Kumb. Na. na kila kitu, nakala kwa mtendaji wa kata, nakala kwa jalada. Alikwama kwenye anwani tu, maana hakuna aliyejua askari wa aina hiyo hupangiwa kutoka makao makuu gani.

Zefania, fundi simu ambaye sote tunamwita Chaji, alicheka kahawa ikamtoka puani. Yeye alikuwa na maelezo ya kisasa zaidi. Kwa mujibu wa Chaji, hakuna askari wala nini, kuna biashara. Wenye viwanda wamekaa, wamehesabu kompyuta zote zilizopo duniani, wakaona zinadumu mno, wakabuni kijipande ili tuzitupe. Tukitupa za mezani watahamia kwenye redio. Baada ya redio, jembe. Litakuja jembe ambalo haligusi udongo mpaka limethibitisha mpini wake ni wa toleo jipya.

— Lakini dawa ninayo, akasema, akitoa flashi mfukoni. Hii inaruka ukaguzi wote. Mfumo unaingia na askari haulizwi. Haba na haba hujaza kibaba, dada Belinda.

— Na afisa akija akaangalia kama kijipande kipo?

— Unamwambia kipo.

— Zefania, ataangalia.

— Atakunywa kahawa kwanza.

Belinda akasema hapana. Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayefunga komeo. Hataki mfumo ulioingia dirishani, maana kesho ukinyimwa masasisho atakuwa amerudi pale pale, tena akiwa mwongo. Chaji akarudisha flashi mfukoni taratibu, kama mtu aliyetoa pete na kukataliwa.

Hapo ndipo Paskali alipojikohoza. Paskali ana mizinga yake huko msitu wa Mgori na tunamwita Nta, kwa sababu hakuna jambo duniani asiloweza kulieleza kwa nyuki. Alisema sisi wote tumepotea njia. Kompyuta ni mzinga. Kijipande ni malkia. Mzinga usio na malkia, nyuki wapya hawaingii, na hata ukiwaingiza kwa nguvu wanahama. Sasa mfugaji hafanyi fujo wala haandiki barua. Anapaka nta ya zamani mlangoni, nyuki wakisikia harufu wanajua hapa pana ukoo, wanaingia wenyewe na malkia wao.

Tulidhani anatoa mfano. Ilikuwa kosa letu. Wakati Waraka akimuuliza kama malkia naye si mtumishi wa umma, Paskali aliinuka kimya akaingia ndani, na tulichosikia baadaye ni sauti ya Belinda.

— Baba Paskali, unafanya nini hapo nyuma?

— Napaka kidogo tu, mama. Mlangoni.

— Huo si mlango. Hiyo ni feni.

Alikuwa ameshaziba nusu ya matundu. Belinda alimtoa, akachukua kijiti cha kiberiti na kuanza kukwangua nta tundu moja baada ya jingine, huku Paskali akiwatetea nyuki kwa kusema kwamba fuata nyuki ule asali si msemo wa bure. Chaji alishauri nta iyeyushwe kwa ile mashine yake ya kupulizia joto, kwani dawa ya moto ni moto. 

Alipomaliza kukwangua, Belinda alibaki amesimama akiusoma tena ule ujumbe, mdomo ukicheza kimya kimya. Kisha akasema kwamba mashine hii aliinunua Arusha ikiwa imetumika ofisini, na wala si kuukuu kiasi hicho. Za umri wake anajua zinacho.

— Mashine imesema haina, Waraka akamkumbusha. Imeandika. Maandishi ni maandishi.

— Mzee, mtu akiingia nyumbani kwako usiku akasema hakuna kiti, ni kwamba kiti hakipo, au taa imezimwa?

Waraka alifikiri. Alisema inategemea aliyeingia aliingia kwa kibali cha nani. Lakini Belinda alikuwa ameshaamua. Mafaili ya wakulima alikwisha kuyanakili jana yake kwenye diski ya nje, akaitoa na kuifunga kwenye kanga. Akazima mashine, akaiwasha tena huku akibonyeza kitufe kabla haijaamka vizuri, na ukurasa wa ndani ukajitokeza, ule wa mipangilio ambao mtu wa kawaida haufungui maishani mwake. Sote tulikuwa tumejaa dirishani. Kahawa iliachwa peke yake na Amne, naye pia akaja.

Chaji alimwonya kwamba hapo ndipo kompyuta zinapofia. Anamjua mtu wa Ikungi aliyegusa pale, mashine haikuamka tena, na mtu mwenyewe hakuwa sawa muda mrefu. Paskali akaomba angalau tuseme bismillahi au Baba Yetu, chochote kitakachokuwa karibu. Amne akasema ya kwake, Paskali ya kwake. Belinda alishuka kwa mishale, mstari kwa mstari, akisoma kila neno na kuacha asilolijua kama alivyolikuta. Kwenye sehemu ya usalama akasimama.

— Hiki hapa, akasema. Kipo. Kimezimwa tu.

 Akakiwasha, akahifadhi, kioo kikawa cheusi.

Kikabaki cheusi muda wa kutosha kila mtu kupanga atakachosema msibani. Chaji alianza, kwa upole, kutaja bei ya kioo kilichotumika. Belinda hakugeuka. Alikuwa ameweka viganja viwili mezani kama mtu anayezuia meza isiruke. Kisha mwanga ukaja, feni ikavuma na kutoa harufu ya asali, na alipoijaribu tena mashine ikakubali kwamba inafaa na ikaanza kujipakia mfumo mpya yenyewe.

Waraka alitangaza kuwa askari alikuwepo tangu mwanzo, ila alikuwa likizo bila malipo. Paskali alituomba tusisahau nta.

Gerald, yule afisa wa TEHAMA, alifika mfumo ukiwa ndiyo kwanza umetulia. Kijana mwembamba, ana kishikwambi na vumbi la njia nzima. Akasema shikamooni wazee, tukaitikia kwa sauti ya watu wasio na hatia. Alikunywa kahawa baada ya kukagua, si kabla, jambo ambalo Chaji hakulipenda. Akakuta mfumo upo, kijipande kipo tena kimewashwa, akasema kituo kimefaulu. Belinda ndipo alipokaa chini.

Hapo akaingia Mama Rebeka, anayeuza karanga karibu na mnada, mkono mmoja ameshika kitambulisho cha kutolea nakala. Alitusalimu, akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta kama anayeingia jikoni kwake, akageuka.

— Belinda, neno la siri bado ni lile lile, au mmebadilisha?

Gerald aliteremsha kikombe.

— Mama, unalijua neno la siri?

— Sasa nisilijue kwa nini? Belinda akiwa shamba, ni nani anatuchapishia? Tunajichapishia, hela kwenye kopo.

Gerald akalitazama benchi. Akauliza kwa adabu nani mwingine analijua. Waraka akawa anasoma mawingu. Chaji akapata shughuli kwenye kiatu chake. Mimi, ili nisidanganye, niliingiza kashata mdomoni. Mwishowe Paskali alisema ingekuwa rahisi zaidi kuuliza nani hapa halijui, na kwa kadiri anavyokumbuka ni mchungaji mpya, kwa kuwa ndiyo kwanza amehamia.

Gerald alifungua kishikwambi chake, akaipekua fomu ya ukaguzi juu hadi chini. Palikuwa na mahali pa kijipande. Mahali pa benchi hapakuwepo. Akabaki na kidole hewani, na tukaona kwamba kituo kinaweza kufungwa kwa sababu yetu sisi, baada ya kuokolewa na mtu mmoja.

Belinda aliinuka. Akatuomba wote tugeuke tuangalie barabara, Mama Rebeka pia, na wazee tukageuka. Tukasikia vitufe vikibonyezwa, vingi kuliko vya neno la zamani.

— Nimebadilisha, akamwambia Gerald. Ninalijua mimi peke yangu.

Gerald akafunga kishikwambi na kuomba kikombe cha pili.

Sisi bado tulikuwa tumeelekea barabarani. Mama Rebeka ndiye aliyeuliza, bila ubaya wowote, akikigeuza kitambulisho chake mkononi:

— Na siku ukiwa msibani?

 Waraka hakuwa na kifungu, Chaji hakuwa na flashi, na Paskali alifungua mdomo kuhusu nyuki akaufunga. Amne akainamisha birika, halikutoa kitu.

— Nikiwa msibani, Belinda akasema, mtanisubiri.