Mwalimu Kitheka Ndululu, Aliyepima Mvua na Hisa

Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Matinyani na nyinyi mliotoka Makueni, naitwa Kanyiva, mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake; kamati ya mazishi iliniomba niruke sehemu moja, nami sitairuka.

Mwalimu Kitheka Ndululu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Matinyani, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Ndululu na Mama Kalekye, akaanza shule mwaka wa 1968, akasomea ualimu, na mwaka wa 1984 akapelekwa Kanyangi kufundisha hesabu, ambako alipewa pia kazi ya kupima mvua kila asubuhi saa tatu. Huko ndiko alikojifunza kwamba wastani ni mwongo, kwa sababu ukiijumlisha mvua ya miaka kumi na kuigawanya, inatosha mahindi, na bado miaka minne kati ya hiyo tulikula chakula cha msaada.

Tarehe 10 Desemba 1988 alifunga ndoa na Mwongeli, binti wa Makueni, wakajaliwa Muthoki na Musyoka, akahamia kule kwao na kufundisha hadi alipostaafu Machi 2021. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliandika bei za hisa katika daftari lile lile la mvua, kila jioni akiangalia bei imepanda au kushuka kwa asilimia ngapi, akitafuta wastani, kisha akipima kila siku imeuacha wastani huo kwa umbali gani. Alisema umbali huo ndio hatari yenyewe, bei peke yake haikwambii kitu.

Sasa ile sehemu. Januari 2022 ukoo huu ulikaa kuamua mfuko wetu wa matibabu uwekwe wapi, mkaipenda hisa ya kampuni moja iliyokuwa imepanda mwaka mzima, Kitheka akawafungulia daftari, akawaonyesha kwamba hisa hiyo inaruka juu na chini mara tatu zaidi ya zingine, na mgonjwa hawezi kungoja itulie. Yaliingia sikio hili yakatokea lile, mkamwita mwoga, mkamvua ukatibu wa mfuko, mkainunua. Mei 2023 ikaanguka hadi nusu, mkakimbilia kuuza, akasimama tena akasema, "Sasa msiuze. Nilisema inaruka, sikusema imekufa." Mliuza wiki hiyo hiyo, na wengine mkanong'ona kwamba yeye ndiye aliyeiombea mabaya.

Februari 2024 valvu ya moyo wake ilipatikana imeharibika, madaktari wakataka afanyiwe upasuaji Nairobi, tukaja kwa mfuko ambao zamani ungetosha, tukapata nusu, akauza ng'ombe, akangoja harambee iliyoahirishwa mara tatu, na tarehe 2 Oktoba 2025 akafariki nyumbani akingoja. Nina uchungu, na siufichi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliompikia uji na kumwogesha, na walimu wenzake waliochanga bila kuombwa mara ya pili. Ukoo nao tunaushukuru kwa hema na viti.

Daftari sasa liko kwa Mwongeli. Jana aliandika mvua sufuri, na chini yake bei ya ile hisa, ambayo imerudi pale pale mlipoinunulia, siku nane baada ya Kitheka kufa.

Ulipima sawasawa, kaka yangu. Pumzika kwa amani ile sisi tuliyokunyima.