Fimbo Yangu Ilipochapa Ukuta

Assalamu alaykum, ndugu zangu! Alhamdulillahi! Nasema tena, Alhamdulillahi! Nisiposhukuru leo, ulimi huu una kazi gani?

Mimi ni Habiba, mzaliwa wa Kotile. Miaka mingi niliuza maziwa ya ngamia hapa Garissa. Halafu presha ya macho ikanifunga macho yote mawili. Daktari akasema wazi kwamba hayarudi.

Ndugu zangu, giza halikunitesa. Kilichonitesa ni mkeka! Nilikalishwa kama gunia la mchele. Nikitaka choo, nashikwa mkono. Nikisema naenda sokoni kwa wenzangu, Sahara, mke wa mwanangu, anasema, "Hooyo, mama yangu, tuktuk zitakuua. Kaa." Mama mkwe mzima, nikakaa miaka miwili! Nikamwomba Mungu anirudishie soko langu, macho abaki nayo.

Sahara huyo huyo akasikia redioni kuna mafunzo ya vipofu. Akanipeleka. Mwalimu, msichana anayeitwa Fardosa, akanivika glavu zenye nyaya, akanipa fimbo nyeupe. "Ayeeyo, bibi yangu, kompyuta imetengeneza barabara ya sokoni humu chumbani. Haipo, lakini utaigusa."

Nikajua huyu ana wazimu. Nikapiga hatua. Wallahi, glavu ikatetemeka, mkono ukasikia kitu kigumu mbele yangu! Sisi wafugaji, kinachoziba njia ni mbuzi. Nikainua fimbo, nikachapa. "Shii! Toka!"

Fardosa alicheka mpaka akakaa chini. "Ayeeyo, umechapa ukuta wa msikiti!"

"Astaghfirullah! Nani ameuweka njiani?"

"Fimbo hii si ya kuchapa. Ni ya kuuliza njia."

Kuuliza! Tangu utotoni fimbo yangu inaamrisha tu. Siku ile nilichapa pia mkokoteni wa punda, nguzo ya stima na mzee aliyesimama zake. Afadhali hakuna aliyekuwa wa kweli! Lakini nilirudi kila wiki. Polepole mkono ukanyenyekea. Fimbo ikauliza chini, kushoto, kulia, na glavu ikajibu: huu mtaro, huu ukingo wa barabara.

Asubuhi moja nikatoka nyumbani bila glavu, bila mtu. Fimbo ikagusa kitu laini. Nikasimama, nikainama, nikapapasa. Sikio, pembe. Mbuzi wa kweli! Na sikumchapa, ndugu zangu. Nilimzunguka!

Nyuma yangu nikasikia ndala zinanyemelea. "Sahara, rudi! Umeacha chai jikoni!"

"Hooyo, sijasema kitu," akajibu, anacheka na kulia pamoja.

Nikafika. Wauza maziwa wakapiga vigelegele. "Habiba! Nani amekuleta?"

"Mungu, na miguu yangu."

"Karibu, abaayo, dada yetu, kaa hapa kivulini."

"Kukaa nimemaliza. Nipeni dumu."

Macho hayajarudi, na bado nasema nimefunguliwa! Wewe mwenye kipofu nyumbani, mtoe kwenye mkeka leo hii. Na wewe kipofu, mtegemee Mungu, acha kiburi, uliza njia. Ukitaka kuhakikisha, njoo sokoni, upande wa maziwa. Mimi ndiye niliyesimama.