Tiki kwenye Daftari

Basi la kwenda hospitali lilikuwa nusu tupu, lakini mama mmoja fundi cherehani alikwenda kukaa karibu na mzee aliyeshika bahasha ya maabara kama aliyoshika yeye. Wagonjwa hujuana kwa bahasha.

"Shikamoo, baba. Na wewe saratani ya damu?"

"Marahaba, mwanangu. Mwaka wa nne huu wa vidonge."

Mama akashusha sauti, nami kwenye kiti cha nyuma yao nikatega sikio. Adabu niliiacha nyumbani. Alisema vidonge vilimtia kichefuchefu, basi kila alipokuwa na nguo za harusi za kushona aliviruka, na kwenye daftari alilopewa na watafiti wa dawa hiyo akatia tiki vilevile, kana kwamba amevimeza. Sasa kipimo cha saratani kwenye damu yake kimepanda. "Wanasema eti ugonjwa umeizoea dawa. Nikisema kweli, nitaonekana mwongo. Nikinyamaza, wataniondolea dawa ambayo pengine bado ingenisaidia."

"Waambie, mwanangu. Leo hii hii."

"Wewe hujawahi kuruka?"

Mzee aliipapasa bahasha yake. "Hata siku moja. Kila asubuhi saa mbili, mke wangu shahidi."

"Basi una bahati, baba."

"Na kipimo changu nacho kimepanda."

Kondakta akaita "Hospitali!" mara mbili, na wote wawili wakabaki wamekaa.